Misumari ya Tata Haikuwa na Midomo

Neno lililomfunga tata, baba yangu, nililisema mimi. Nilikuwa na miaka kumi, nimesimama wima, mikono ubavuni, namna walivyotufundisha shuleni kusimama mbele ya mkubwa. Juu ya meza walikuwa wamemwaga misumari ya paa letu, paa lililoanguka na kumuua mdogo wangu. Komisere aliyetumwa kusikiliza ile kesi aliokota mmoja, akaupapasa ncha kwa kidole gumba, akaniuliza kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya mtu mwenye watoto nyumbani, akiniita mama kama wanavyoitwa wasichana kwetu:

"Mama, nani anavunjaka midomo ya misumari ya tata yako?"

Nikajibu: "Njo mi, tata komisere."

Nilijibu kwa fahari. Kazi ile ilikuwa yangu, kambi nzima ya wafanyakazi wa mgodi walijua, na sikutaka mwingine apewe sifa zake.

"Na hii yote?"

"Hii yote, tata. Kopo muzima."

Shefu wa majengo, aliyekaa kando na kofia yake magotini, akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Niseme nini tena?" akamwambia komisere. "Mukono ya seremala iko ku kila musumari. Mutoto wake mwenyewe njo anasema."

Tata alikuwa kati ya askari wawili wa jandarme. Aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama namna unavyomtazama mtoto anayevuka reli na treni inakuja, wewe uko mbali, na sauti yako haitafika. Kisha akainamisha kichwa, na tangu siku ile hakulala tena kwetu.

Nitawataja waliofanya hili, kila mmoja kwa kazi yake, maana ni kwa kazi zao walituua: shefu wa majengo, komisere, na jirani yetu wa mlango wa kushoto. Na mimi nimo. Lakini ngoja nirudi nyuma, rafiki yangu, kwa sababu ukiishia hapo hujaelewa kitu. Mimi mwenyewe niliyekuwa pale ilinichukua miaka.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye safu yetu ya nyumba za kampuni. Kambi haiko tena. Yamebaki mawe ya misingi, na hata hayo yana mashimo, maana vijana wamechimba mpaka chini ya vyumba walimozaliwa baba zao, wakitafuta mawe ya kijani na meusi ya kuuza. Siwalaumu, mimi mwenyewe naosha mawe ya watu mtoni, migongo yetu sote imepinda kwa kazi hiyo. Ila sasa kampuni imepiga rangi nyekundu kwenye misingi, na wanasema mvua ikikatika tu mashine zitakuja kukata kilima chote. Ndipo nikachukua ungo wangu wa kuoshea, nikatafuta sumaku ya radio iliyokufa, nikaifunga kamba, nikaenda. Niliitambua nyumba yetu kwa sakafu ya simenti ya mlangoni. Pale ambapo tata alikuwa amezika kipande cha reli, kichwa nje, kiwe fuawe yetu, walishakiiba zamani. Limebaki shimo lake, umbo la reli kabisa. Nikakaa kando yake kama nilivyokuwa nikikaa.

Wakati ule wa Zaïre, nchi ilikuwa na shaba ya kuijaza dunia, na ukitaka msumari wa kutundikia picha ulikuwa unaukosa. Tata alikuwa seremala wa kampuni. Magazini, ghala la kampuni, walikuwa wanamwambia, "Citoyen, ngojea," maana wote tuliitwa raia wakati ule, naye akangojea, na kazi haikungojea. Kwa hiyo kila Jumapili, siku ya Mungu, tukitoka kanisani, tukishakula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo na kasamaki kakavu, yeye na mimi tulivuka reli kwenda kwenye mahame, pale walipojenga wazungu wa kwanza kabla mji haujawa mji. Nyumba zilikuwa zimekwisha zamani, hata mbao zimeliwa na mchwa. Lakini misumari ilikuwa humo udongoni, mwekundu juu ya mwekundu, nasi tulikuwa tunaivua kwa sumaku kama watu wanaovua samaki.

Tata naye aliniita "mama", ila yeye kwa kuwa nilibeba jina la mama yake. "Mama, soma hii," alikuwa ananiambia, na kuniwekea msumari kiganjani. Hakujua kusoma karatasi, lakini msumari aliusoma mpaka mwisho. Ukiwa na pande nne, na kichwa kimepigwa nyundo mara nne kama kipaa cha kibanda, uliundwa motoni na mtu mmoja, mmoja mmoja, na ile nyumba ni ya kwanza kabisa. Ukiwa wa mviringo, na mistari midogo chini ya kichwa pale mashine ilipoushika, hao ni watu waliokuja baadaye, na masanduku yao. Ukikuta chuma kinene chenye mzunguko kama konokono, weka chini. "Hiyo ya reli. Bajandarme bakikukuta nayo, hawaulize kama uliokota."

Halafu alinifundisha kusoma namna watu walivyoondoka. Msumari uliopinda, nyundo iliung'oa, maana yake watu walihama na mbao zao. Ulionyooka na kuoza mahali pake, nyumba ilikufa peke yake, mvua na mchwa. Na ukiwa mweusi wa bluu, unakataa kutu, hapo moto ulipita, usiulize zaidi. "Batu banahamaka na maneno yabo," alikuwa akisema akifunga kopo. "Musumari anabakia."

Tukirudi, tulinyoosha. Na baada ya kunyoosha, ilikuja kazi yangu mimi.

Tata alipenda mti wa mubanga, mgumu kuliko hasira ya mama mkwe, hivyo ndivyo alivyosema yeye na mama akamrushia kitambaa. Mubanga ukiupigia msumari wenye ncha kali unapasuka, kwa sababu ncha inaingia kati ya nyuzi na kuzisukuma huku na huku. Ukiivunja ncha kwanza, msumari unakata njia yake na mti unatulia. Kwa hiyo kila msumari uliopita mkononi mwa tata, mpya au wa zamani, wa kwetu au wa kampuni, ulivunjwa mdomo. Kichwa chini juu ya reli, ncha juu, nyundo ndogo, mara moja, si kwa nguvu. Tik. "Mwenye mudomo mukali anapasula nyumba," tata alikuwa akisema, na alikuwa na maana mbili, maana alimtazama mama. Sauti ile ilikuwa saa ya safu yetu. Jirani yetu wa mlango wa kushoto, bibi yule aliyenipa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye kikombe cha bati kila mara alipopika, alikuwa anasema, "Siku ule mutoto atanyamaza, sitajua tena wakati ya kuweka maji ku moto."

Nakumbuka kikombe kile, kilikuwa na ua la buluu lililochubuka. Nakumbuka mpaka baridi yake kwenye meno. Ndiyo maana sijamsamehe.

Nyumba za safu yetu zilijengwa vizuri wakati wa wazungu, lazima niseme ukweli. Manjanja, mabati ya paa, hayakushikwa na misumari. Yalishikwa na bulon za ndoano, vyuma virefu kama kiganja, vilivyopinda chini na kukumbatia boriti, na juu nati yenye kofia ya risasi laini ya kuzuia maji. Tata alizisifu kama mtu anavyosifu ng'ombe. "Hii paa, upepo ikikuya, itapita na kusalimia tu."

Sasa mwaka ule shefu wa majengo alikuwa anajenga nyumba yake mwenyewe, kubwa, kwenye njia ya Mutshatsha. Manjanja alikuwa ameyapata. Bulon za kuyashika hazikuwako mjini kwetu Kolwezi, magazini wala sokoni. Akamwita tata, akamwambia aende Lubudi, paa la stesheni linavuja, kazi ya siku kumi. Tata akaomba karatasi ya safari. "Panda treni, citoyen," shefu akamwambia, "karatasi itakufuata." Tata akapanda. Ndivyo ilivyokuwa wakati ule, mkubwa akisema kwa mdomo umekwisha kwenda. Karatasi haikumfuata mpaka leo.

Siku mbili baadaye wakaja wanaume wanne na ngazi. Mama alikuwa mlangoni anachambua mboga ya lengalenga.

"Shefu anatutuma. Paa yenu inavuja."

"Yetu haivuje," mama akasema.

"Mama, unajua paa kupita shefu?"

Wakacheka wote wanne. Mama hakucheka, lakini aliwapelekea maji, kwa sababu mtu aliye juani juu ya nyumba yako ni mgeni, hata kama hukumwita. Nilisimama chini nikitazama. Walifungua zile bulon moja moja, wakazitupa kwenye gunia, na manjanja yaleyale wakayarudisha kwa misumari mifupi, ya kupigia masanduku. Nikaichukua nyundo yangu ndogo, nikamwendea mkubwa wao.

"Tata, nikuvunjie midomo?"

"Muone kapita mudogo," akawaambia wenzake, kana kwamba mimi ni msimamizi wa kazi. "Apana, mama. Sisi tuko haraka. Misumari yetu iache na meno yake."

Niliona haya, nikaenda kukaa kwenye reli yangu. Gunia lile walilipakia kwenye kamyo, lori la shefu, na dereva wa kamyo ile alikuwa bwana wa jirani yetu wa mlango wa kushoto. Bibi mwenyewe alikuwa kwenye kizingiti chake, anakoroga sufuria. Aliona kila kitu. Aliona ngazi, aliona gunia, alimwona bwana wake akifunga mlango wa kamyo. Akanipigia mkono nije kunywa munkoyo.

Mvua ilikuja siku ya nane. Mchana, saa zile watoto wadogo wanalazwa baada ya kula. Mama alikuwa robineni, kwenye bomba la maji. Mimi nilikuwa nje nikipiga misumari, nikasema nipige huu wa mwisho ndiyo niingie. Upepo ulikuja kutoka upande wa mgodi na vumbi lake lote, na paa letu halikusalimiana nao. Liliinuka zima kama kifuniko cha sufuria, likakaa hewani kidogo, hivyo ndivyo ninavyolikumbuka, likakaa, kisha likarudi ndani na boriti ya mubanga. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Sitaandika zaidi ya hapo. Yote yalikwisha kwa muda ule wa kupiga msumari wangu mmoja.

Habari ilimkuta tata Lubudi, akafika kesho yake kwa treni ya asubuhi. Hakulia mbele yetu. Aliketi karibu na mtoto, akatoka, akapima ubao kwa penseli yake, na bila kugeuka akaniambia, "Mama, lete misumari."

Ya kwetu watu walikuwa wameitumia usiku kupigilia turubai la kilio, kopo lilikuwa tupu. Lakini misumari ilikuwa imetapakaa kila mahali, kwenye matope, kwenye godoro, kwenye majivu ya jikoni. Tulizoea hivyo: penye paa lililofunguliwa, mtoto wa seremala anaokota, ananyoosha, anavunja midomo, kopo linajaa. Hakuna aliyenituma zaidi ya misumari ya sanduku la kumzikia mdogo wangu. Lakini mikono yangu haikutaka kusimama. Watu wa kilio walikuwa wamejaa uani, wanaimba, nami nilikaa kwenye reli nikapiga, tik, tik, mpaka hakukubaki hata mmoja wenye mdomo. Nilitaka tata akute kazi imekwisha. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Alichukua michache, akaitazama. "Ni mifupi hii," akasema, taratibu. Akaipigilia.

Umekwisha kuelewa sasa, rafiki yangu. Komisere na jandarme walipokuja siku ya tatu kufanya uchunguzi, misumari yote ya paa lile ilikuwa kwenye kopo letu, na kila mmoja ulikuwa na alama ya nyumba yetu. Shefu alilichukua kopo kwa mikono miwili, kama padri. Akamweleza komisere kwamba seremala hakutumwa Lubudi, alijificha hapa hapa mjini, akafungua bulon za kampuni akauza, akaweka misumari ya sanduku juu ya kichwa cha mtoto wake mwenyewe. Tata akasema alitumwa. "Karatasi iko wapi?" Hakuwa nayo. Mama akasema watu wanne, ngazi, gunia. "Huyu ni muke yake," komisere akasema, akageuza ukurasa. Waliitwa wale wanne, wakasema hawaijui safu yetu. Aliitwa jirani, akaja na kitambaa kizuri cha kichwa, akasema siku ile alikuwa amelala na homa. Hakututazama. Lubudi haikuwa mbali, treni ilikuwa inakwenda, komisere angeweza kutuma mtu mmoja kuuliza stesheni. Hakutuma. Akaniita mimi.

Baada ya jibu langu nilijaribu. Nilisema niliivunja baada ya paa kuanguka, kwa ajili ya sanduku la mdogo wangu. Shefu akatabasamu: "Sasa bamemufundisha." Jandarme mmoja akanishika bega, akanitoa nje.

Tata alikufa gerezani kabla ya mvua za pili. Walitupa shati lake na penseli. Nyumba ya kampuni tulishafukuzwa, tukaenda Mutshatsha, mama akauza makala, mkaa wa kupikia, shule yangu ikaishia mwaka wa tano. Kwa hiyo ukikuta nimeandika vibaya, ujue ni nani wa kulaumu. Sokoni walimwita mama muke ya mwizi wa misumari. Hiyo alizoea. Kuna siku mwanamke mmoja aligombania naye mahali pa kuweka gunia, akamwambia, "Bwana yako aliuzisha kichwa ya mutoto yake." Mama alikunja gunia lake akarudi nyumbani, na wiki nzima hakuuza.

Nilikuwa na miaka kumi na tano nilipoelewa. Nilikuwa nampigilia mtu mlango wa choo, nikashika msumari mpya, mkali, na sauti ya yule mwanaume ikarudi: iache na meno yake. Nilidondosha nyundo. Nikamkimbilia mama, nikamwambia, mimi ndiye, mama, mimi ndiye niliyefuta alama ya wale wanne. Aliendelea kupepeta makala.

"Tata yako alijua toka siku ile ulijibu," akasema. "Aliniapisha nisikuambie. Alisema: mutoto akijua, batakuwa bamenifunga na yeye."

Basi alikubali kwenda kufia humo ili mimi nilale usingizi. Na sijalala.

Nilimfuata yule jirani miaka ile, akiwa mjane tayari. Alinipa kiti. "Mwanangu," akasema, "tata yako na bwana yangu bote bamekufa. Uache balale." Alikufa mwaka uliofuata, na ukweli wake ndani ya mdomo.

Sasa siku ile ya mwezi uliopita, nilipitisha sumaku kwenye udongo wa chumba chetu, tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Nilikuta bawaba, nilikuta nusu ya kijiko. Halafu, kwenye kona palipokuwa kitanda, chini ya kiganja kimoja cha udongo, ile michache ambayo mikono yangu haikuiona siku ya kilio. Kumi na mmoja. Niliiosha kwenye beseni kama ninavyoosha mawe ya watu. Niliisoma kama nilivyofundishwa. Ya mviringo, ya mashine. Mifupi. Haikupinda, kwa hiyo hakuna nyundo iliyoing'oa, ilitoka yenyewe kama meno ya mtoto. Na yote, yote kumi na mmoja, chini ya kutu, ina midomo. Na ndani ya ungo ikabaki kofia moja ya risasi, iliyowaponyoka wale wanne, ya bulon ambayo haikupaswa kufunguliwa.

Nilimpelekea mama. Macho yake yamekwisha, anajua watu kwa sauti. Nikamwekea mmoja kiganjani. Alipitisha kidole gumba kutoka kichwani mpaka mwisho, akasimama hapo, akakandamiza mpaka tone la damu likatoka.

"Iko na mudomo," akasema.

Akaukunja mkono wake juu yake, na mpaka leo hajanirudishia ule mmoja.

Kwa hiyo mimi ninayo kumi. Sauti ya reli ile haiko, kikombe cha ua la buluu hakiko, bukari ya siku ya Mungu haiko, na mvua ikikatika hata udongo wenyewe hautakuwako, utapanda kamyo na kwenda nisikokujua. Komisere alikwisha kufa kwao, nasikia alizikwa na muziki. Lakini wewe, shefu, uko. Nilikuja mpaka kwenye lango lako njia ya Mutshatsha. Mtoto wako aliniambia mzee amesahau mambo ya zamani. Nikainua macho, nikaona ukingo wa paa lako: bulon zimepangwa, kila moja na kofia yake ya risasi, umezipaka rangi lakini nazijua, zimekulinda mvua zote hizi, umezeeka ukiwa mkavu. Paa lako halijasahau.

Sitaki bulon. Sitaki ng'ombe, sitaki uje na wazee na maneno laini. Mama yangu bado anasikia, na hataishi mvua nyingi. Ninakuja na mama na kopo langu, nitalimwaga mezani kwako kama ulivyolimwaga la kwetu, nawe utapitisha kidole kwenye ncha moja moja mbele yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi, sikuwa na mtu wa kunishika mkono, na nilijibu nilichoulizwa. Simama wima, shefu. Mikono ubavuni. Mwambie nani alipigilia misumari hii, na nani alimtuma.